Mke wa Bibi Ghati

Nyamburi alinipigia simu Jumapili mchana, nikiwa nimetoka kanisani na bado sijavua viatu, akaniambia mama amefariki. Hakusema mama yake. Alisema mama tu, kama vile sote wawili tumezaliwa naye. Alimkuta asubuhi kitandani, mkono chini ya shavu, ng'ombe wanalia zizini kwa sababu hakuna aliyewafungulia. Nilimpa pole, nikamuuliza mazishi ni lini, nikakata simu, nikakaa. Mume wangu akauliza nani amefariki. Nikamwambia ni Robi. "Robi ndugu yako wa upande gani?" akauliza. Tumeoana muda mrefu na sijawahi kumsimulia mambo ya mwaka ule, nadhani kwa sababu kila nilipotaka kuyasimulia sikujua niyaanzie wapi. Robi hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mteja wa ofisi mwaka nilioanza kazi Tarime, na mimi ndiye niliyemsomea karatasi.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa juu wa mji. Chumba cha ndani kilikuwa cha Wakili Kimaro. Cha mbele kilikuwa changu: meza, tapureta, benchi la wateja, na dirisha lililotazama uwanja ambapo vijana wa dukani walikata nondo kutwa nzima. Kompyuta ilikuwapo kwa wakili, imefunikwa kitambaa cha kushonwa, lakini umeme ulikuwa mgeni, unakuja na kuondoka bila kuaga, kwa hiyo kazi karibu zote nilipiga kwa tapureta. Nguo zangu zilinuka rangi na saruji. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Tarime inayokufanya uandike ukiwa umevaa sweta, na ukuta kati yangu na wakili haukufika juu kwenye dari, hivyo kila kilichosemwa ndani nilikisikia, nitake nisitake. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nilielewa kwamba ndiyo shule yenyewe.

Wakili Kimaro alikuwa mtu wa Moshi, mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyevua koti hata jua likiwa kali. Familia yake ilikuwa Arusha. Mchana alikula ofisini, ndizi na nyama kutoka mgahawa wa jirani, na kila siku alilalamika kwamba watu wa huku hawajui kupika ndizi, na kila siku alimaliza sahani. Siku yangu ya kwanza alinipa mkataba wa mauziano ya shamba niupige chapa. Niliupiga haraka, nikijivunia kasi niliyofundishwa chuoni Musoma. Alisoma, akaniita, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mahali pa "na" nilikuwa nimeandika "au". "Hapa umempa mtu mmoja shamba la watu wawili," alisema. "Binti, kwenye mambo ya ardhi hakuna neno dogo." Hakunigombeza. Alisubiri nirudi mezani nianze upya. Nimefanya kazi na mawakili kadhaa tangu hapo, na wengine walikuwa maarufu kuliko yeye, lakini hakuna aliyenifundisha jambo zaidi ya lile.

Wateja walitoka pande zote. Wafanyabiashara wa Sirari, mpakani na Kenya, walikuja na Kiswahili chao cha ng'ambo, wakisema "niaje" kwa mtu wanayemwona mara ya kwanza. Wachimbaji waliotoka Shinyanga na Geita walitaka kununua viwanja na kujenga, kwa sababu walikuwa wamechoka kulala kwenye mabanda. Lakini wengi walikuwa wazee wa vijiji vya huku kwetu, watu ambao shamba lao lilikuwa linajulikana kwa mti na kijito tangu babu, na sasa, tangu dhahabu ipandishe bei ya ardhi upande wote wa Nyamongo, walikuwa wanaambiwa mti na kijito havitoshi. Wazee wale hawakuwa na Kiswahili cha kutosha, na wakili hakuwa na Kikurya hata cha kuombea maji. Kwa hiyo kazi yangu ya kweli haikuwa tapureta. Ilikuwa kukaa kati yao, nikichukua maneno upande mmoja na kuyapeleka upande wa pili. Chuoni hakuna aliyeniambia kwamba maneno mengine hayabebeki.

Robi alikuja msimu wa mvua. Aliingia na matope mpaka kwenye magoti, akaketi mwisho wa benchi, akaacha kila mtu aliyekuja nyuma yake aingie kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mrefu, uso mkavu, kitenge amekifunga juu ya sketi ya sufu. Nilidhani anasubiri mtu. Mchana ofisi ilipobaki tupu nikamuuliza kwa Kikurya kama nimsaidie. Akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Nimeambiwa hapa kuna wakili wa mashamba," alisema. "Mama amekufa. Wanataka kunitoa."

"Mama mzazi?"

"Hapana. Mama aliyenioa."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba ntobhu ni kitu tunachokikuta tangu tukiwa watoto: mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe na kuoa mwanamke kijana, ili watoto atakaozaa na mwanamume wa nje wawe wa nyumba yake na nyumba isife. Bibi Ghati alifiwa na mume mapema, akiwa na mabinti tu, na wote wakaolewa mbali. Akamwoa Robi. Robi akazaa Nyamburi na mdogo wake wa kiume, wakaitwa kwa jina la nyumba ile. Wakalima pamoja, shamba la juu la mihogo na mtama, na shamba la chini la mtama pia, karibu na kijito. Kisha Ghati akaugua, akafa, na msiba ulipokwisha, Marwa, mtoto wa shemeji yake Ghati, akaja kusema kwamba ardhi ni ya ukoo, Robi arudi kwao, na watoto wabaki.

Nilimwingiza kwa wakili, nikatafsiri. Aliandika huku akiitikia kwa kichwa polepole, kisha akafika kwenye swali ambalo alimuuliza kila mteja wa urithi. "Marehemu ni nani kwako?"

Robi akajibu. Nikatafsiri: "Ni mume wake."

Wakili aliinua macho. "Umesema marehemu anaitwa Ghati. Ni mwanamke."

"Ndiyo, mzee."

Aliweka kalamu chini. Nilieleza, vibaya, nikigugumia, kwa sababu jambo ambalo kwa lugha yangu lilikuwa sentensi fupi, kwa Kiswahili liligeuka kuwa kituko. Nilipomaliza aliichukua tena kalamu. Hakucheka, na kwa hilo nilimshukuru, kwa maana baadaye niliwaona wengi waliocheka.

Siku zilizofuata alisoma vitabu vyake na kuulizauliza watu. Aliwauliza wazee wawili waliokuja kwa mambo yao, nikitafsiri. Mmoja alimwambia kwamba wapo wanawake wanaooa kwa jina la mtoto wa kiume ambaye hawakumzaa, kana kwamba yupo. Nilimwona wakili anakaa sawa kwenye kiti. Yule mzee alipotoka, akaniita. "Mkwe," alisema. "Tutaandika ni mkwe wa marehemu. Mjane wa mwanawe. Sheria inajua mkwe ni nani. Nikiandika mke, wakili wa upande wa pili atasimama na kusema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na tutakuwa tumemaliza kabla hatujaanza." Niliona mantiki yake. Mpaka leo naiona. Nikapiga chapa hati ya kiapo, safi, bila kosa hata moja, na katika mstari wa tatu nikaandika "mkwe".

Robi aliitwa aje aweke kidole. Kabla hajaingia, wakili alinisogelea, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Usimchanganye kwa maneno mengi. Msomee yale ya msingi." Nilimwelewa. Na yeye alijua nimemwelewa, ndiyo maana hakunitazama.

Robi aliingia, akaketi, nikafungua kidau cha wino. Hati ya kiapo lazima isomwe kwa lugha anayoielewa anayeapa. Mimi ndiye niliyekuwa lugha hiyo. Wakili alikaa mbele yetu mikono imekunjwa, hajui neno hata moja la ninachosema. Nilisoma jina, nikasoma kijiji. Nilipofika mstari wa tatu ulimi ulisimama. Ningeweza kusema neno lolote. Ningeweza kusema "mtu wa nyumba ya Ghati", akaitikia kwa kichwa, akaweka kidole, na pale chumbani hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Nilikuwa na wiki chache tu kazini. Nilimpenda Robi tayari, nilitaka ashinde, na nilimwogopa bosi wangu. Nikasoma kilichoandikwa.

Robi aliukunja mkono uliokuwa tayari juu ya meza, akauweka mapajani.

"Mkwe wa mtoto gani?" aliuliza. "Mama hakuzaa mtoto wa kiume. Huyo mume wangu kaburi lake liko wapi? Nikiulizwa nitaonyesha nini?"

"Wakili anasema wapo wanaooa kwa jina la mtoto," nikamwambia.

"Wapo. Mimi mama alikuja kwetu mwenyewe. Alisimama mbele ya baba yangu akasema, nimekuja kuoa. Hakusema nimekuja kumwozesha mtu. Nikiapa hivyo, Marwa atasema nimedanganya mume, na kesho atasema nimedanganya hata watoto."

Wakili aliuliza nini kimetokea. "Umemwambia nini?"

"Nimemsomea, mzee."

"Yote?"

"Yote."

Alinitazama. Kisha akamtazama Robi, ambaye hakuyahamisha macho. Nondo ziliendelea kukatwa nje. Hatimaye akavuta ile hati, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye droo. "Basi andika mke," alisema. Halafu, bila hasira, kama mtu anayesoma hali ya hewa: "Tutashindwa."

Marwa alikuja ofisini wiki ile ile, siku wakili alipokuwa amesafiri. Nilikuwa nimemjenga kichwani kama mtu wa kutisha, na akaingia mtu mpole mwenye sweta la kijani, amebeba soda mbili, moja yangu. Alikaa kwenye benchi lile lile la Robi. Alizungumza Kikurya kizuri, cha kiutu uzima, na kuniita mwanetu.

"Sina ugomvi na yule mwanamke," alisema. "Bibi yetu alimpenda, nasi tulimheshimu. Lakini ardhi haiendi kwa mtu wa kuja. Arudi kwao. Watoto ni damu ya nyumba yetu, watakaa na sisi, watasoma."

"Si damu yenu," nikasema, na nikashangaa nimesema. "Kama ni hesabu ya damu, hata watoto si wenu."

Alitabasamu. Alikunywa soda yake mpaka mwisho, akauliza baba yangu ni nani, na nyumbani ni wapi. Nikamwambia, kwa sababu mtu mzima akikuuliza hivyo unajibu. "Nawajua," alisema. "Watu wazuri. Wasalimie." Hakusema kingine. Soda yangu sikuifungua. Ilikaa mezani siku kadhaa mpaka mmoja wa vijana wa nondo akaichukua. Lakini neno lile moja, nawajua, nilikwenda nalo kila mahali, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiona sweta la kijani barabarani naingia duka la karibu bila haja.

Nilipanga chumba kwa Mama Zainabu, mama wa Pangani aliyeletwa huku na mumewe fundi cherehani, miaka mingi kabla sijazaliwa, na ambaye bado alikiita Kiswahili chetu "Kiswahili cha kutembea na fimbo". Aliuza chapati na maharage kwenye baraza ya nyumba. Siku moja kabla ya shauri kusikilizwa, Robi aliteremka kutoka kijijini mapema kwa kuogopa mvua ingekata barabara, nikamleta alale kwangu. Mama Zainabu alipika samaki wa kupaka, kwa nazi aliyotumiwa kutoka kwao na aliyokuwa akiitunza kama dawa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Robi aliusukuma mchuzi kwa kidole, akauliza kwa nini samaki amewekwa maziwa. Tulicheka wote watatu. Kisha Mama Zainabu akauliza lile alilokuwa akitaka kuuliza tangu saa ile tumeingia.

"Huyu bibi aliyefariki, mwanangu, ndiye nani yake?"

Nikamwambia. Alishika kifua. "Astaghafirullah! Mwanamke kamwoa mwanamke?" Nikamweleza habari ya nyumba, ya watoto, ya jina, kwamba si mambo ya chumbani, ni mambo ya ukoo na urithi. Alisikiliza, akimtazama Robi, ambaye alielewa kidogo na kuendelea kula. "Kumbe ni kuoa kwa ajili ya nyumba," alisema mwishowe. "Sasa mbona asiseme yu mkwe? Neno jepesi, kila mtu angemwelewa. Mimi ningesema mkwe hata mara mia."

Nilimtafsiria Robi. Hakukasirika. Alisema siku ile Bibi Ghati alipokuja kwao, yeye Robi alikuwa amekwisha kuolewa mara moja na kurudishwa, amevunjwa taya na mwanamume ambaye hata baba yake alimwogopa. Alijificha nyuma ya ghala la mahindi. Ghati alilizunguka ghala akamkuta. Alikuwa mwanamke mfupi, mvuta ugoro, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Akamwambia, sikupigi, na atakayekuja kukupiga atanikuta mimi mlangoni. "Na kweli," Robi alisema. "Walikuja, wakamkuta mlangoni. Sasa amekufa nianze kusema hakunioa? Nitasema alikuwa nani pale mlangoni?" Nilitafsiri mpaka mwisho. Mama Zainabu alichukua kipande kikubwa cha samaki kilichobaki kwenye sahani yake, akakiweka kwenye ya Robi.

Shauri lilisikilizwa kwenye ukumbi mdogo wa baraza la ardhi, wenye mabenchi na madirisha yasiyofungika. Mkalimani wa siku zote hakufika, na pande zote mbili zikakubali nitafsiri mimi, baada ya kuapishwa. Sikuwa nimefikiria maana yake. Mkalimani hasemi "anasema yeye ni fulani", anasema "mimi". Wakili wa Marwa, kijana aliyetoka Mwanza, viatu vinang'aa, aliuliza, "Wewe na marehemu mlikuwa na uhusiano gani?" Robi akajibu, nami nikasimama katikati ya ukumbi ule, msichana ambaye hajaolewa, nikasema kwa sauti, "Mimi ni mke wake." Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Mwenyekiti akagonga meza. Yule kijana akauliza tena, taratibu, akijifurahisha. "Na hawa watoto, marehemu aliwazaaje?" Robi alisubiri kimya kirudi. Akasema, nami nikasema, "Watoto ni wa nyumba ya Ghati. Niliwazaa kwenye nyumba yake, alikata vitovu vyao kwa mkono wake, akawapa majina. Kama Marwa anasema ni wa nyumba yao, basi amekubali nyumba hiyo iliniingiza mimi. Hawakuingia dirishani." Safari hii hawakucheka. Mmoja wa wazee wa baraza aliitikia kwa kichwa. Nilihisi, kwa muda ule mfupi, kwamba tunaweza kushinda.

Hatukushinda. Uamuzi ulisomwa baada ya majuma mengi, kwa Kiswahili cha kisheria kilichonyooka. Ndoa ya namna ile haitambuliwi. Mwombaji hakuthibitisha haki yake katika mali ya marehemu. Suala la watoto lipelekwe mahali pake. Mimi ndiye niliyemfafanulia Robi maneno yale, pale nje, chini ya ukingo wa paa, kwa sababu hakuwa ameelewa. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Akauliza, "Leo naweza kulala nyumbani?" Nikamwambia leo anaweza. Wakili alitembea mbele yetu akiwa na faili kwapani. Tulipofika ofisini alisema, "Tungeandika mkwe..." akaacha hapo. Hakuwahi kulimalizia neno lile, si siku ile wala nyingine yoyote niliyofanya kazi naye. Nilikwenda mezani kwangu. Kulikuwa na mkataba wa kiwanja unasubiri. Niliupiga nikilia, nikasimamisha kazi kufuta machozi yasianguke kwenye karatasi, nikaendelea.

Marwa hakusubiri rufaa. Wachimbaji waliingia shamba la chini na sururu, na katika muda ambao sisi tulikuwa tunaandaa karatasi, bonde lile la mtama liligeuka mashimo na vilima vya udongo mwekundu. Robi alituma ujumbe kwa mtu: njooni mwone. Wakili alituma barua za kusimamisha, nikazipiga chapa, moja baada ya nyingine, na sidhani kama kuna aliyezisoma kule shimoni.

Kilichotokea baadaye sikukiona kwa macho. Nilisimuliwa na Robi. Ndugu za Ghati waliokuwa kimya muda wote, labda kwa aibu ya kuona mambo yao yamechekwa mjini, waliita ritongo, kikao kile cha wazee wa ukoo ambacho mtu wa kwetu anaweza kukasirika nacho lakini hawezi kukipuuza. Marwa alikwenda na nakala ya uamuzi mfukoni. Aliinua ile karatasi akasema sheria imekwisha kusema. Mzee mmoja hakuitazama. Akamuuliza, "Siku Ghati alipomleta mke wake, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikula nyama?"

"Nilikula."

"Ulikula nyama ya nini?"

Robi alisema Marwa aliikunja ile karatasi, jua linamchoma, akairudisha mfukoni. Nyama ile ilikuwa ya harusi, na wote waliokaa pale waliila pamoja naye. Wakaamua Robi abaki, watoto wabaki, nyumba na shamba la juu viwe vyao, na mtu atakayewagusa atakuwa ametoka kwenye ukoo. Shamba la chini hawakulisemea sana. Lilikuwa limekwisha kuliwa. Nani angeurudisha udongo?

Niliposikia hayo nilifurahi, kisha furaha ikanichanganya. Mahali nilipokuwa nikijifunza kazi, penye mihuri na viapo, tulikuwa tumeshindwa kabisa. Na pale ambapo hakuna aliyeandika chochote, mambo yalikwenda nusu sawa. Kwa miaka kadhaa nilijiuliza kama nilikuwa nimechagua kazi isiyo na maana. Sijiulizi tena hivyo. Nimeona karatasi zikiokoa watu wengi, hasa wanawake ambao ukoo wao haukuwa na mzee wa kuuliza swali lile. Lakini lile swali jingine, la mstari wa tatu, sijalimaliza. Wakili Kimaro alikuwa mtu mwema, na huenda alikuwa sahihi. Huenda mkwe angeshinda. Huenda Marwa angeuliza kaburi liko wapi, tukashindwa vibaya zaidi, na kiapo cha uongo juu yake. Hakuna atakayeniambia, na sasa Robi naye ameondoka.

Mwisho wa mwaka ule, baada ya mavuno, aliniita kwake. Nilipanda kilima kutoka barabarani, nikiongozwa na Nyamburi. Nyumba ilikuwa safi, imepakwa udongo upya, na mbele yake kaburi la Ghati limezungushiwa mawe. Kutoka uwanjani pale uliliona bonde lote. Nilikuwa nimeandika "shamba la chini" mara nyingi sana kwenye karatasi, na sikuwahi kuliona. Lilikuwa mashimo tu, na miti ya kuegemeza kingo, na watu wadogo wanapanda na kushuka. Robi alichinja kuku. Tuliketi ndani, mlango wazi, ugali wa mtama na muhogo ukiwa bado unatoa mvuke, na kwa muda mrefu tulizungumza mambo ya kawaida: mtoto wa kiume anayesumbuliwa na masikio, mvua, Mama Zainabu na samaki wake wa maziwa.

Kisha akasema, akiwa anamega tonge, "Kuna siku nikilitazama lile bonde nakukasirikia wewe."

Nililirudisha tonge langu sahanini.

"Siku ile unanisomea," akaendelea, "ulipofika kwenye lile neno ulisimama. Nilikuona. Nikasema moyoni, huyu mtoto ataliruka."

"Nilitaka kuruka, dada."

"Ungeruka ningeweka kidole. Labda leo ningekuwa na mtama kule chini."

"Labda."

Alitafuna, akameza, akatazama nje mlangoni. "Lakini ningekuja kujua. Marwa angenisomea yeye, mbele ya watu."

"Ungejua."

"Basi nisingekupikia," alisema, akalisogeza bakuli la mchuzi upande wangu.

Tulikula. Kule chini walikuwa wanagonga mawe, wala hawakuacha mpaka ninaondoka.